Meno Manne ya Chini

Kakuma, 9 Septemba 2012

Abi wangu,

Ejok, hujambo? Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yangu ni nzima, lakini nyumba yetu ni chumba kimoja, na tangu macho ya Mama yaanze kufifia masikio yake yamekuwa makali ajabu. Ninalotaka kukwambia silitaki limfikie. Nimemwomba Ekal, dereva wa lori la soda, aichukue barua hii, naye amekubali huku akinung'unika, "Mimi si posta, dada."

Wal ametutumia picha kutoka Australia. Kaka yangu anacheka, Abi. Wal! Yule aliyekuwa anachekea puani. Ametiwa meno ya chini, yote manne, yamepangana vizuri mpaka nikaona wivu. Anasema kazini walikuwa wakimuuliza nani alimpiga, akachoka kueleza kwamba hakupigwa, kwamba kwetu Wadinka mtoto hung'olewa meno manne ya chini ili awe mtu kama watu wake.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mama ndiye aliyenishika kichwa. Sikulia, na alijisifia hilo kwa majirani mwaka mzima. Miaka miwili baadaye tulikuwa hapa kambini, na kwenye foleni ya maji watoto wa mataifa mengine wakanifundisha kufunika mdomo. Sijaacha mpaka leo. Nafundisha hesabu mkono mmoja ukiwa kwenye chaki na mwingine mdomoni. Wewe unajua, ndiye uliyeniita Geti kule bwenini kwa ajili ya pengo hili, nami nikakuita Chai kwa ajili ya meno yako ya kahawia, tukawa ngoma droo.

Sasa faili letu la kumfuata Wal limefufuka. Tuko wawili tu, mimi na Mama. Mahojiano ya mwisho yanatarajiwa mapema mwakani. Mama anahitaji kupasuliwa macho, na hata chooni haendi bila mkono wangu. Nataka siku tukishuka kwenye ile ndege niwe nimeachia mdomo wazi. Wewe unafanya kazi kwa daktari wa meno. Niambie kuna nini na nini, na usinifiche kitu.

Wako,
Awut (Geti)


Lodwar, 23 Septemba 2012

Geti mpenzi,

Barua yako imefika ikinuka soda ya machungwa. Mimi ni karani tu. Kazi yangu ni kuandika majina, kuchemsha vyombo na kushika mikono ya wanaume wazima wanaolia kabla hata ya sindano ya ganzi. Lakini miaka miwili ya kusikiliza si haba, kwa hiyo kaa chini nikupe shule.

Kuna meno ya kupandwa. Msumari unaingizwa kwenye mfupa wa taya, jino linafungwa juu yake. Hayo ni ya Nairobi na ya watu wenye miezi ya kusubiri taya lipone. Sahau.

Kuna ya kuvaa na kuvua, kipande cha plastiki chenye rangi ya fizi na meno manne juu yake. Mchana unavaa, ukilala kinalala kwenye kikombe cha maji. Kingemfaa nyanya yangu wa Lopur, maana naye hana mawili ya chini kwa desturi yetu Waturkana. Wewe una miaka ishirini na tatu! Utapiga chafya darasani, yatue kwenye daftari la mtu.

Halafu kuna daraja. Daktari wetu, Murunga, anasaga chonge zako mbili za chini, moja kila upande wa pengo, mpaka zibaki vijiti vidogo. Anachukua umbo la kinywa chako, linapelekwa Eldoret, na baada ya wiki kadhaa linarudi daraja la meno sita. Mawili ya pembeni ni kofia za kuvalishwa zile chonge, manne ya katikati yanaziba pengo. Linagandishwa na halitoki. Unakula nalo, unalala nalo, unazeeka nalo. Chukua daraja, Awut. Usiende ugenini na kitu cha kuvua.

Mimi mwenyewe ndiye sina dawa rahisi. Kusugua na kupaka hakunisaidii, kahawia ya maji ya visima vyetu imo ndani ya jino. Labda yafunikwe maganda meupe kwa mbele, lakini hiyo ni ndoto ya karani.

Daktari hutoka Kitale na huja wiki ya pili ya kila mwezi. Mama Wal anajua?

Wako,
Chai


Kakuma, 28 Oktoba 2012

Abi,

Nimekubali daraja. Wal anagharamia. Nimeomba kibali cha kutoka kambini kwa sababu ya matibabu na nimeambiwa nitakipata Novemba.

Mama hajui na hatajua mpaka tufike kwa Wal. Usinihubirie. Nilijaribu. Nilimwambia Wal ametiwa meno, akauliza, "Ina maana mikono yangu ilimkosea?" Ndiye aliyetushika vichwa sote wawili. Ningemwambiaje kwamba na mimi nakwenda kuziba alichofungua?

Kufunika mdomo nimezoea, na yeye amezoea kuona nimefunika. Kwa macho yale, hatatambua.

Awut


Kakuma, 2 Desemba 2012

Abi wangu,

Nilifika salama. Asante kwa uji, kwa kitanda, na kwa kunishika mkono kwenye kile kiti. Sikulia, umeona? Mama angejisifu, laiti ningeweza kumwambia.

Lakini nikwambie kweli, niliogopa daktari aliponipa kioo. Chonge zangu nzima, ambazo hazikuwahi kuniuma hata siku moja, zilikuwa zimebaki kama njiti za kiberiti. Daktari akasema, "Hapa hakuna kurudi nyuma, mwalimu," huku anatabasamu, kisha akanifunika kwa meno ya muda ya plastiki. Nimekuwa nikiyagusa kwa ulimi kama mtu anayehesabu watoto wake kwenye umati.

Mama aliuliza mbona nanuka dawa. Nikasema nilipakwa dawa ya fizi. Januari narudi kwa daraja lenyewe.

Awut


Lodwar, 20 Januari 2013

Geti usiye na geti!

Tangu uondoke sijaacha kusimulia habari zako. Uliposimama pale mlangoni ukacheka kwa sauti, mkono ukainuka wenyewe kuelekea mdomoni, kisha ukaurudisha chini. Mimi niliona. Nilikwenda nyuma ya pazia nikalia kidogo, na vyombo vikachemka mpaka maji yakakauka.

Daktari amebandika picha zako ukutani kwenye chumba cha kusubiri, kabla na baada. Wagonjwa wanaziangalia mpaka wanasahau maumivu. Nina habari yangu pia, lakini nitakusimulia tukionana.

Awut, mwambie Mama Wal. Nakuomba. Sijui kwa nini, ila moyo wangu hautulii. Mahojiano ni lini?

Abi


Kakuma, 6 Februari 2013

Abigael,

Mahojiano yalikuwa jana. Nitaandika haraka.

Mama aliingizwa peke yake, mimi nikabaki benchi. Unajua kwa nini wanatutenganisha. Kuna watu hapa wameuza nafasi zao, mtu anapanda ndege kwa jina la mwingine, kwa hiyo majibu ya familia lazima yafanane. Watu hukaa wiki nzima wakikumbushana majina ya ng'ombe na ya majirani wa zamani. Sisi tulikumbushana yote. Tulijua hata rangi ya mlango wa kanisa la kwetu Bor.

Wakamuuliza Mama amwelezee binti yake. Mama akataka kuwasaidia, Abi. Akawapa ushahidi ambao hakuna mwizi wa majina angeujua. Akasema, "Mkitaka kumjua wangu, mtazameni mdomoni. Meno manne ya chini hayapo. Nilimshika kichwa mwenyewe, na hakulia." Aliyasema hayo akiwa ameapa.

Kisha nikaingia mimi. Yule mhoji alikuwa mtu mpole. Alinitania kuhusu walimu wa hesabu, na mimi nikacheka. Nilicheka wazi, bila mkono, kwa mara ya kwanza tangu utotoni mbele ya mgeni. Akatazama mdomo wangu. Akatazama faili. Ndani mna picha yangu ya mwaka 2009, ndiyo pekee niliyowahi kupigwa nikiwa nimeachama, kwa sababu mpiga picha alinipigia kelele niteremshe mkono. Akaacha kutabasamu.

Nikaeleza kila kitu. Nikamwambia awaulize wanafunzi wangu, amwite Mama tena. Wakamwita. Mama akasikia kutoka kwa mkalimani, mtu baki, kwamba binti yake ana meno. Akasema hapana, hana. Nikamwambia kwa Kidinka, "Mama, ninayo." Akamgeukia mhoji akasema, "Basi anayo." Mhoji akaandika. Kwake yeye shahidi amebadilisha maneno baada ya kuongea nami, na hivyo ndivyo wanavyofanya wanaodanganya.

Tukiwa njiani Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nimesema uongo mbele ya Mungu?" Nikataka kuuweka mkono wake mdomoni mwangu aguse. Akauvuta.

Wanataka barua ya daktari. Nisaidie.

Awut


Lodwar, 19 Machi 2013

Awut,

Nimesikia kwamba ile barua yenye muhuri niliyompa Ekal haikufaa, kwamba ofisi ya mahojiano ilipigia simu kliniki na hakuna aliyepokea. Niliiandika mwenyewe, nikagonga muhuri uliobaki kwangu. Mimi ni karani na kila mstari ulionyesha hivyo.

Sasa sikia ukweli. Daktari Murunga aliondoka katikati ya Februari, kabla ya barua yako kufika, akaenda kwao kupiga kura, akasema atarudi uchaguzi ukitulia. Umetulia, na hajarudi. Simu yake haipatikani. Wengine wanasema amepata kazi ng'ambo ya mpaka. Funguo ziko kwake, na mafaili yamo ndani ya kliniki pamoja na jina lako na tarehe zako zote. Kila asubuhi naenda nasimama dirishani kama mjinga. Nakuona ukutani, kabla na baada, jua linakupiga kila siku na picha inaanza kupauka.

Nimemwendea mwenye nyumba, Mzee Lopeyok. Amesema, "Mimi siwezi fungua duka ya mtu. Akirudi akisema kitu imepotea, nitasema nini?" Nitamwendea tena kesho, na kesho kutwa.

Abi


Lodwar, 15 Aprili 2013

Awut,

Mzee Lopeyok amefungua. Ilibidi chifu awepo. Kabati la mafaili halikuwa na kitu. Sijui yalichukuliwa lini. Lakini picha ya ukutani ipo, na Ekal anakuletea. Iangalie kwanza ukiwa peke yako, kisha usome yanayofuata. Au soma kwanza. Sijui.

Kwenye kadi hiyo ya picha kuna vinywa viwili, kila kimoja kabla na baada. Cha juu ni chako. Cha chini, chenye meno ya kahawia upande huu na meupe upande ule, ni changu.

Daktari alitaka picha ya daraja la taya la chini kwa ajili ya ukuta wake. Aliniambia nikimletea mtu, atanifunika meno yangu ya mbele bure. Barua yako ikaja wiki ileile. Nilipomsimulia kuhusu wewe alisema, "Huyo aanze na ya kuvua, azoee, chonge zake ni nzima." Nikamwambia wewe unataka daraja. Hukuwa umetaka bado. Ulisema nisikufiche kitu, na hicho ndicho nilichokuficha. Kama ungekuwa na ya kuvua, siku ile ungetia kidole mdomoni ukayatoa mbele ya yule mhoji, na mambo yangekwisha palepale.

Nakupenda na nilitaka ucheke. Hilo pia ni kweli, lakini silileti kama kinga. Watu sokoni wananiambia nimependeza, na kila nikicheka nasikia haya.

Abigael


Kakuma, 22 Aprili 2013

Abigael,

Nimeipeleka kadi ofisini. Waliizungusha mezani, wakaitana watatu. Wamesema hii ni midomo tu, haina macho wala pua, inaweza kuwa midomo ya mtu yeyote.

Kuhusu mengine uliyoandika sina la kusema sasa. Naona nilichobakiza ni kuwaonyesha pengo. Nitamwomba mng'oaji wa zahanati alitoe daraja.

Awut Dau


Lodwar, 29 Aprili 2013

Awut, tafadhali! USILIGUSE DARAJA. Nimekupigia, simu imezimwa. Kulitoa kunataka mashine ya kulikata polepole. Mng'oaji ana koleo tu. Chonge zilisagwa, hazina nguvu, zitakatika. Na zikikatika, hutafanana na ile picha ya 2009 pia. Nimeulizia Kitale, kuna daktari anaweza. Omba kibali, nitakupeleka mwenyewe, nitakubeba mgongoni ikibidi. Ningojee.

Abi


Kakuma, 14 Juni 2013

Abi,

Barua yako ya kunizuia ilifika tarehe kumi na moja Mei. Mto ulikuwa umejaa, na Ekal alikwama siku tisa na soda zake. Aliponipa alisema, "Pole, mwalimu, hii ilikuwa ya haraka nini?" Nikamwambia haikuwa ya haraka. Daraja lilikuwa limetoka siku sita kabla.

Ilikuwa kama ulivyosema. Chonge ya kulia ilikatika ndani ya kofia yake. Ya kushoto ililegea, ikabidi ing'olewe. Yule bwana wa zahanati alitokwa jasho kuliko mimi, na aliniomba radhi mara nyingi. Nilikwenda ofisini nikiwa na kitambaa mdomoni. Wakanipiga picha mpya, wakailaza kando ya ile ya 2009. Ile ya zamani ina meno manne yaliyokosekana na chonge mbili zimesimama pembeni. Mpya ina sita yaliyokosekana. Mhoji yuleyule mpole akasema anasikitika, kwamba faili langu litakwenda kuchunguzwa zaidi. Nikauliza kwa muda gani. Akasema hana njia ya kujua.

Faili la Mama walilitenganisha na langu, kwa sababu macho hayawezi kungoja. Aliondoka siku nne zilizopita.

Tulikusanyika uani kwa ajili ya basi la kwenda uwanja wa ndege. Mama alikuwa na mfuko mweupe wa makaratasi shingoni na sweta jekundu ambalo Wal alisema alivae. Tangu Februari alikuwa akila chakula changu, akishika mkono wangu kwenda chooni, lakini hakuwa amenigusa uso. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa. Waliposoma namba yake aligeuka, akanitafuta kwa mikono, akanishika kidevu. Nilijua anachotaka. Nikafungua mdomo mbele ya watu wote wale.

Akaingiza kidole, akaanza upande wa kulia kwenda wa kushoto, taratibu, anahesabu kwa Kidinka. Alipofika nne hakusimama. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Kisha akauliza, "Nilitoa manne. Haya mawili yalitolewa na nani?"

Nikasema, "Mimi, Mama."

"Ulilia?"

Nikasema nililia.

Akanifuta uso kwa kiganja, vibaya, kama anavyofanya mtu asiyeona, kidole kikaingia jichoni. Halafu akamgeukia dada wa ofisi aliyekuwa akisoma orodha. Akamwambia kwa Kidinka, kwa sauti ile aliyokuwa akiwatangazia majirani kwamba sikulia: "Futa manne, andika sita. Ndiye huyu. Niapishe tena."

Mkalimani hakuwepo, alikuwa ameshatangulia na basi la kwanza. Nikatafsiri mimi. Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akaniambia kwamba mwanafamilia haruhusiwi kuwa mkalimani. Akamshika Mama kiwiko akampandisha. Mama aliendelea kusema, "Andika sita," mpaka mlango ulipofungwa.

Sijui kama nimekusamehe, Abi. Nimejitafuta na sijui. Ila nyumba ni kimya, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwandikia haya. Usiyavunje meno yako kwa ajili yangu, nimemsikia Ekal akisema umewahi kuulizia koleo dukani. Yaache.

Wal amepiga simu leo. Mama amefika. Wal anasema kitu cha kwanza alichokiomba Mama ni karatasi na mtu wa kumwandikia.

Awut